Grinihausi Ndogo Nyuma ya Nyumba



Tukitembelea vikundi vya Ruiru na Thika, swali ni lile lile: "Tuchukue mkopo tujenge grinihausi?" Wengi wenu mmefanya kibarua kwenye mashamba ya maua, mmejionea nailoni inavyosaidia mimea. Lakini sisi tunasema anza na ndogo, ya kujifurahisha, mita 2 kwa 3 hivi nyuma ya nyumba. Fito, misumari, nailoni ya kazi hiyo isiyopasuliwa upesi na jua, na wavu wa wadudu pembeni. Mwaka mmoja humo ndani utakufundisha kuliko semina zetu (na semina tunazipenda!).

Tunasema hivi kwa sababu tumeungua. Kikundi kimoja cha akina mama tulikihimiza sisi wenyewe kijenge kubwa. Nyanya zikapanda kamba vizuri, zikatoa maua, halafu zikaanza kunyauka majani yakiwa bado kijani. Tukadhani ni kiu, tukaongeza maji. Baada ya wiki chache hakukubaki kitu ila mkopo. Ulikuwa mnyauko wa bakteria. Pale palikuwa pamelimwa viazi miaka mingi, na hakuna aliyeuliza, hata sisi.

Kumbe kuutambua ni rahisi. Kata shina la mmea ulionyauka, shikilia ncha yake ndani ya glasi ya maji safi, ungoje dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ndio huo. Usidanganywe na mwenye duka, hakuna dawa ya kunyunyiza itakayouponya. Ng'oa na uchome. Hapo usirudishe nyanya, pilipili hoho, biringanya wala viazi, maana ni jamii moja. Panda sukuma wiki, dania au vitunguu. Ukitaka nyanya lazima, zipande kwenye ndoo kuukuu zilizotobolewa chini, kwa udongo wa mahali ambapo jamii hiyo haijawahi kulimwa.

Sasa tuangalie misimu. Januari mpaka Machi adui ni joto. Kunja nailoni ya pembeni, uache wavu tu, kwa sababu joto likipita nyuzi 35 maua huanguka. Tena humo ndani upepo ni kidogo, kwa hivyo kama saa nne asubuhi tikisa kamba polepole ili maua yapate kushika. Watoto wanaipenda sana kazi hii.

Mvua ndefu ikianza, funga mfereji wa bati. Mvua ya milimita 10 tu juu ya paa la mita 2 kwa 3 inakupa lita 60.

Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu, na hapo ndipo watu hukosea. Wanafunga kila mahali wakidhani mimea inasikia baridi kama wao! Unyevu unakaa kwenye majani, blaiti inaingia. Jua likichomoza, fungua. Nyunyiza asubuhi, chini kwenye shina, sio juu ya majani.

Miche uliyohamisha Agosti utaanza kuichuma Novemba hivi, mvua fupi ikiozesha nyanya za nje.

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja aulize wazee wa kwake: pale ninapotaka kujenga, palikuwa pakilimwa nini?