Kukimbia Juu ya Uwanda wa Ufipa: Njia za Sumbawanga na Yanayoupata Mwili

Mji wa Sumbawanga umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Upande wa magharibi ardhi huteremka hadi Ziwa Tanganyika, lililo kwenye mita 770 hivi. Upande wa mashariki, nyuma ya safu ya Mbizi, ardhi hukatika na kushuka kwa kasi hadi bonde la Ziwa Rukwa, ambalo nalo liko kwenye mita 800 hivi. Anayekimbia Sumbawanga, basi, anaweza kubaki juu ya uwanda, kupanda Mbizi, au kushuka kuelekea maziwa. Mwili hauzipokei njia hizo tatu kwa namna moja, na mhudumu wa afya anayemshauri mgonjwa wake "afanye mazoezi" anapaswa kujua ni njia ipi inayokusudiwa.

Tuchukulie mfano wa mtumishi wa umma mwenye umri wa miaka 46, anayetumia dawa za shinikizo la juu la damu, aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam. Kule alizoea kukimbia kilomita tano ufukweni Coco Beach bila shida. Katika wiki yake ya kwanza Sumbawanga, pumzi inamkatika kabla ya kilomita ya pili, moyo unakwenda mbio, na usiku anapata usingizi wa mang'amung'amu. Anaamini kwamba moyo wake umeharibika. Kwa kawaida haujaharibika, ingawa haitoshi kumwambia hivyo bila kumpima.

Sababu ni hewa. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ileile pwani na Ufipa, yaani asilimia 21 hivi. Kinachopungua ni mgandamizo. Katika mita 1,800, kila pumzi huleta takriban nne ya tano tu ya oksijeni ambayo pumzi ileile ingeleta ufukweni. Mwili hujibu papo hapo kwa kuongeza kasi ya kupumua na mapigo ya moyo. Katika siku za mwanzo figo huongeza utoaji wa erithropoietini, homoni inayoamuru uboho utengeneze chembe nyekundu nyingi zaidi, lakini zao la kazi hiyo huonekana baada ya majuma kadhaa. Mgeni hana budi kuupa mwili muda huo. Wiki mbili za kwanza atembee kwa kasi, kisha achanganye kutembea na kukimbia polepole. Saa ya mkononi haimsaidii sana katika kipindi hiki, kwani akishikilia mwendo aliouzoea Dar es Salaam atakuwa anafanya kazi kubwa kuliko anavyodhani. Kipimo kizuri ni mazungumzo: akiweza kusema sentensi nzima lakini hawezi kuimba, mwendo unafaa.

Jambo hilohilo la chembe nyekundu lina upande wa pili unaosahaulika mara nyingi katika kliniki. Kwa kuwa wakazi wa miinuko huwa na himoglobini ya juu kidogo kuliko wa pwani, Shirika la Afya Duniani hupendekeza kipimo kirekebishwe kulingana na mwinuko kabla ya kuamua kama mtu ana upungufu wa damu. Kwa mwinuko wa kati ya mita 1,500 na 2,000, hupunguzwa si chini ya gramu 0.5 kwa desilita. Mjamzito wa Sumbawanga mwenye himoglobini ya gramu 11.2 huonekana kuwa juu ya mpaka wa 11. Baada ya marekebisho anakuwa chini yake. Mwanamke huyo akilalamika kwamba anachoka akipanda mlima kuelekea nyumbani, malalamiko yake yasichukuliwe kuwa uchovu wa mimba tu. Mkimbiaji kijana ambaye kasi yake inashuka bila sababu naye astahili kipimo hicho, na apimwe kwa kuzingatia mahali anapoishi.

Kwa walio wengi, njia za juu ya uwanda ndizo zinazofaa kuanzia. Uwanja wa Nelson Mandela uko mjini, na kuuzunguka kuna faida ambayo mgonjwa wa moyo au wa kisukari huihitaji: hayuko mbali na watu wala na hospitali. Wenye nguvu zaidi hutoka kwa barabara ya Matai, ya Tunduma, au ile ya kaskazini kupitia Ntendo, ambako vilima ni vya wastani na mashamba ya mahindi, maharage na ulezi yametanda pande zote. Barabarani inafaa kukimbia upande wa kulia, ili magari yaonekane yanapokuja. Baada ya mavuno malori ya nafaka huongezeka, na giza la alfajiri halimkingi mtu. Mwezi Juni na Julai upepo wa asubuhi Ufipa ni mkali na mkavu, na huchokoza njia za hewa za mwenye pumu. Mtu huyo asubiri jua lipande, afunike mdomo na pua kwa kitambaa chepesi, apashe mwili joto taratibu, na kama ameandikiwa salbutamoli ya kuvuta, aitumie robo saa kabla ya kuanza.

Mbizi ni habari nyingine. Safu hiyo hupita mita 2,000, na kilele chake cha Malonje hupita mita 2,400, juu zaidi ya jiji la Mexico City, lililo kwenye mita 2,240, ambako wanariadha wa mbio ndefu walitaabika katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968. Msitu wake ni hifadhi na ni makazi ya mbega wekundu. Ruhusa huombwa kwanza. Njia za miguu zinazounganisha uwanda na vijiji vya bondeni kama Muze ni za kale kuliko barabara yoyote ya magari, na waliozipita na mizigo kichwani hawakuziita mazoezi.

Wengi huogopa kupanda, ilhali linaloumiza zaidi ni kushuka. Mtu anapoteremka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inajikaza huku ikinyooshwa. Kazi ya namna hiyo huchana nyuzi ndogondogo za misuli, ndiyo maana maumivu hayaji siku hiyohiyo bali kesho yake, na hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Mteremko wa zaidi ya mita 1,000 hadi bonde la Rukwa, kwa mtu asiyeuzoea, unaweza kupita kiwango cha maumivu ya kawaida. Misuli ikiharibika sana humwaga protini yake katika damu, na protini hiyo huziba na kudhuru figo. Dalili yake ni mkojo wa rangi ya chai ya rangi au kahawia, pamoja na misuli iliyovimba na kulegea. Mtu huyo hahitaji kuchuliwa. Anahitaji maji na kituo cha afya siku hiyohiyo, na asipewe diklofenaki wala ibuprofeni, kwa kuwa dawa hizo huzidisha mzigo wa figo. Wenye selimundu wasiifanye safari hii: juhudi kubwa, upungufu wa oksijeni na upungufu wa maji kwa pamoja ni mwaliko wa maumivu makali.

Aliyefika chini, Muze upande wa Rukwa au Kasanga upande wa Tanganyika, ameingia katika hali nyingine ya hewa na magonjwa mengine. Joto ni la kwanza. Mwili uliozoea baridi ya Ufipa huhitaji kati ya wiki moja na mbili kuzoea kutoa jasho ipasavyo. Ufukwe wa Kasanga unavutia kukimbia jua linapotua, na maji yanaita baada ya hapo. Lakini kwenye kingo zenye majani na konokono kuna hatari ya kichocho, na mamba wamo katika maziwa yote mawili.

Malaria ndiyo inayostahili uzito mkubwa kuliko yote hayo. Juu ya uwanda maambukizi ni machache kuliko kando ya maziwa, na kwa sababu hiyo mtu aliyekulia Sumbawanga mjini hana kinga kubwa dhidi yake. Akilala Kasanga usiku mbili bila chandarua, haumwi akiwa huko. Vimelea huhitaji angalau siku saba kabla ya kuleta homa, na mara nyingi zaidi. Homa humkuta amekwisha kurudi mjini, mguu ungali na maumivu ya mbio, naye anasema ni uchovu. Mhudumu asiyemuuliza, "Mwezi huu ulishuka ziwani?" anaweza kumrudisha nyumbani na dawa ya maumivu. Swali hilo moja na kipimo cha haraka cha malaria vinaweza kuokoa maisha.

Tangu Novemba hadi Aprili kuna mvua, na pamoja nayo radi. Jina la Sumbawanga huelezwa kuwa na maana ya "tupa uchawi", na si siri kwamba radi katika mkoa huu huzungumzwa mara nyingi kama kitu kilichotumwa. Makala hii haina ugomvi na imani ya mtu. Ugomvi wake ni na dakika zinazopotea. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Kumgusa hakuna madhara. Moyo wake mara nyingi huanza tena wenyewe, lakini misuli ya kupumua hubaki imepooza kwa muda zaidi, hivyo hufa kwa kukosa pumzi ilhali angeweza kupona. Wakipigwa watu kadhaa, aanze kuhudumiwa yule anayeonekana amekufa, kinyume cha ajali nyingine: agandamizwe kifua katikati, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na apuliziwe pumzi. Anayelia na kujinyonganyonga anaweza kusubiri. Mkimbiaji mwenyewe, akisikia ngurumo, aingie katika nyumba imara au gari lililofungwa, si chini ya mti, na asitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Turudi kwa mtumishi wetu. Kabla ya kukimbia, apimwe shinikizo la damu. Likiwa 180 kwa 110 au zaidi, asianze mpaka lidhibitiwe. Aulizwe anatumia dawa gani. Atenololi huzuia mapigo yasipande, kwa hiyo kuhesabu mapigo hakutampa picha ya kweli, na kipimo cha mazungumzo ndicho kitakachomfaa. Dawa za kuongeza mkojo humpunguzia maji, naye anywe kabla ya kiu, hata asubuhi ya baridi. Kama ana kisukari pia na anatumia insulini au glibenklamidi, abebe sukari mfukoni, kiasi cha vijiko vitatu vya chai, na familia ijue kwamba sukari inaweza kushuka hata usiku baada ya mbio za jioni. Lengo la kwanza liwe dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, zilizogawanywa katika siku tano, juu ya uwanda. Mbizi ingoje miezi miwili au mitatu. Na pumzi ikimkatika hata akiwa amekaa, au kifua kikimbana kwa uzito unaopanda shingoni au kushuka mkono wa kushoto, aende hospitali usiku huohuo.