Hiace inapolalia upande kwenye kona: tuanze wapi?



Viazi, maharagi na mihogo ya Luhwindja hushuka Bukavu mara nyingi kwa hiace ya kukodi, kupitia Walungu. Kwenye kona za mlima gari linalalia upande wa nje, abiria wanashikana, na shofere anasema lame za nyuma zimechoka, kikundi kichange pesa tuongeze moja. Pengine ana haki. Lakini kabla ya kutoa hata franga moja, tuangalie kwanza mzigo umekaa wapi.

Tufanye hesabu ya mfano. Gari tupu lina kilo 1.800, na uzito wake ni kama umekusanyika kwenye kimo cha sentimita 80 toka chini. Tukipanga magunia ya kilo 500 ndani, kimo hicho kinafika sentimita 82 tu. Tukiyafunga juu ya paa, mita 2 na sentimita 30 toka chini, kinapanda hadi karibu sentimita 113. Upana kati ya magurudumu haukuongezeka, kwa hiyo uwezo wa gari kusimama bila kupinduka kwenye kona umepungua kwa zaidi ya robo. Robo hiyo hakuna springi inayoweza kuirudisha. Na mwendo nao: kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 40, nguvu inayosukuma gari nje ya kona inakuwa karibu mara mbili.

Ndiyo, magunia yakikaa ndani yanakula nafasi ya abiria, na shofere ataongeza bei. Bei hiyo ijadiliwe kwenye mkutano, siyo saa kumi na moja asubuhi wakati gari linanguruma. Paa libaki na vitu vyepesi: vikapu vitupu, magodoro. Pipa la mawese lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa, maana mafuta yanakimbilia upande uleule gari linakoinamia.

Sasa tuje kwenye vyuma. Tuanze na mapine: upepo ukiwa kidogo, mpira unajikunja kwenye kona na gari linalala zaidi. Kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa shofere.

Kisha amortiseri. Watu wawili wakandamize kona moja ya gari kwa nguvu, waachie. Likiruka zaidi ya mara mbili, au mafuta yakionekana yametoka, hiyo imekufa. Zibadilishwe mbilimbili, kushoto na kulia. Tuelewane hapa: amortiseri hazizuii gari kulala, zinapunguza haraka yake na kulizuia lisiyumbe tena upande wa pili. Mzigo unabebwa na springi.

Mbele ya hiace nyingi kuna ufito wa chuma unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Upande mmoja ukizama, ufito unajikunja na kuvuta upande wa pili ushuke nao, gari lisilale sana. Mipira yake ikiisha unapiga kelele, na mafundi wengine wanautoa kabisa ili kelele ziishe! Kurudisha ufito huo na kubadilisha mipira yake, kwa maoni yetu, ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote kwa bei yake.

Lame ya kuongeza ije mwisho. Inasaidia kama za zamani zimenyooka au moja imevunjika. Ila lame ya lori iliyokatwa inafanya nyuma kuwa gumu mno, na wakati wa mvua, toka Septemba hadi Mei, nyuma gumu linateleza kwenye tope kabla ya mbele. Pia inainua gari, na tumekwisha kuona kuinua kunaleta nini. Lame iliyovunjika isichomelewe: moto unaharibu ugumu wa chuma chake, na itavunjika tena pembeni ya kidonda. Inunuliwe nzima, ya aina ya gari hilohilo.

Fundi akimaliza, boliti zinazoshika lame kwenye ekseli zikazwe tena baada ya safari ya kwanza ya kwenda na kurudi, kabla ya kupakia ya pili.