Sapraizi ya Besdei kwa Mwenzi Aliye Safarini: Je, Ni Uongo?



Wapendwa vijana, somo la leo linahusu amri ya nane, ile inayokataza uongo, ila litaanzia kwenye keki. Nivumilieni kidogo.

Wengi wenu mnajua kwamba baada ya kumaliza falsafa nimepangiwa mwaka wa uchungaji huku Mtwara. Kwa bahati nzuri (au mbaya, mtaamua wenyewe) dada yangu mkubwa anaishi hapa hapa mjini na mume wake na mtoto wao wa miaka miwili. Kazi ya dada ni kukagua ubora wa korosho kwenye maghala ya vyama vya msingi. Msiokaa Kusini huenda hamjui msimu ni nini. Kuanzia Oktoba korosho zinakusanywa, zinapelekwa ghalani, mkulima anasubiri mnada. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani upo hapa tangu msimu wa 2007/2008, na una watu wake wanaolala gesti wiki mbili tatu mfululizo: makarani, wakaguzi, madereva wa malori. Ongeza wavuvi wanaokwenda dago. Ongeza wanaofanya kazi kwa zamu kwenye gesi kule Msimbati. Ukitaka kufundisha ndoa Mtwara bila kutaja umbali, utakuwa unawafundisha watu wa mahali pengine.

Basi, Novemba iliyopita dada alikuwa kwenye kata moja ya mpakani, karibu na mto Ruvuma, peke yake, na siku yake ya kuzaliwa ikaangukia katikati ya safari. Shemeji akanijia na mpango. Kwanza, siku nzima mtu yeyote asimtumie salamu: si mume, si ndugu, si wanakwaya wenzake, ili aone wote tumemsahau. Pili, jioni mimi nimpigie simu nimwambie mtoto anaumwa kidogo, afunge mizigo, kuna gari linakuja kumchukua. Gari likifika, tunashuka humo sisi, na keki, na ndoo ya maji ya kummwagia kama ilivyo desturi yetu ya besdei.

Nikamuuliza kwa nini nipige mimi. Akasema, “Wewe ni frateri, shemeji. Hawezi kukutilia shaka.”

Nikacheka. Nikakubali.

Siku yenyewe, saa nne asubuhi, dada akanipigia. Sikupokea. Saa sita akapiga tena, nikaiacha simu iite mpaka ikakatika, huku natabasamu kama mjinga. Saa sita na robo ukaja ujumbe: “Mdogo wangu, nyumbani kuna nini? Mbona wote hampokei?”

Hapo tabasamu likaisha. Kule mpakani simu ina tabia ya kudaka mtandao wa Msumbiji, kwa hiyo mtu akiwa kimya hujui kama ni mtandao, ni salio, au amepatwa na jambo. Na mtu wa kata zile hausomi ukimya kama utani. Kijiji cha Kitaya kilivamiwa Oktoba 2020 na watu wenye silaha waliotokea ng’ambo ya mto. Waliokuwepo bado wanaishi pale, na wageni wanaolala pale wanahadithiwa. Dada alikuwa amelala siku tano katikati ya hadithi hizo, halafu nyumba nzima ikaacha kupokea simu yake.

Lakini kilichonikalisha chini hasa ni kingine. Nilikuwa darasa la sita, dada yuko bweni, kidato cha tatu. Baba mdogo alipiga simu shuleni kwao: mwambieni mama yake anaumwa kidogo, aje nyumbani. Nyote mnaijua sentensi hiyo. Kwetu ndiyo inayotumika mtu akishafariki, kwa huruma, ili msafiri asife kwa presha njiani. Dada alisafiri siku nzima kwa basi, na kituoni akanunua machungwa ya kumpelekea mgonjwa. Alipofika akakuta turubai limefungwa uani. Yale machungwa yalikaa kwenye mfuko mpaka yakaoza, hakuna aliyethubutu kuyagusa wala kuyatupa.

Na mimi nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno yale yale, “anaumwa kidogo,” juu ya mtoto wake, siku ya kuzaliwa kwake.

Sasa turudi darasani. Sapraizi yenyewe ni dhambi? Kuna vijana wachache wenye dhamiri ngumu watasema ndiyo, kwa sababu unamficha mtu. Hapana. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa yake, anapofundisha juu ya uongo anaugawa mara tatu: uongo wa kudhuru, uongo wa kusaidia na uongo wa utani. Kwake yote mitatu ni dhambi, ingawa ule wa utani na ule wa kusaidia kwa kawaida ni dhambi nyepesi. Hapo hapo lakini anakubali kwamba mtu anaweza kuuficha ukweli kwa busara bila kusema uongo. Kuficha na kudanganya ni vitendo viwili. Nilipokuwa mwaka wa pili niliona tofauti hiyo kama ujanja wa wanasheria, nakiri. Sasa naiona ndiyo tofauti kati ya sapraizi na ukatili.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2489, inatusogeza mbele zaidi: hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Ukiigeuza kanuni hiyo upate swali la kujiuliza kabla ya besdei yoyote, ni hili: ukweli ninaoficha, huyu mwenzangu ana haki nao? Kilichomo kwenye boksi la keki, dada hana haki nacho. Nani atakuja, saa ngapi, na gari la nani, tunaweza kumnyima na asidhulumiwe. Lakini je, mwanangu ni mzima? Mume wangu yuko wapi na kwa nini hapokei? Hizo ni haki za mke na za mama, na safari ya kikazi haizifuti. Sisi tulikuwa tumezifunga kwenye karatasi moja na keki.

Na hapa nataka tufungue kitabu ambacho ndugu zetu Waprotestanti hawana kwenye Biblia zao: Tobiti, sura ya 2. Tobiti amepofuka. Mke wake Anna ndiye anayetoka kufanya kazi za mikono kwa watu ili wale. Siku moja waajiri wanamlipa ujira wake wote, na juu ya ujira wanampa mwanambuzi kama zawadi. Anna anarudi nyumbani na kitu kizuri asichotarajia mtu. Tobiti anasikia mbuzi analia. Hamwoni mbuzi, wala hauoni uso wa mke wake. Anasikia sauti tu, na sauti hiyo inamwambia: wizi. Anaamuru arudishwe. Anna anaeleza kwamba ni zawadi, mume haamini, nyumba inawaka moto, na mwanzoni mwa sura ya 3 yule mzee mwenye haki anamwomba Mungu afe.

Zawadi ilikuwa halali kabisa. Tatizo ni kwamba ilimfikia mtu asiyeona, na wala hakumwamini aliyeileta. Mwenzi aliye safarini ni Tobiti huyo. Anachopata ni sauti ya simu na ujumbe wa maneno manne. Ukicheza na sauti hiyo, hana macho ya kujisahihisha nayo, atajaza mwenyewe, na watu wakiwa peke yao usiku huwa hawajazi mazuri.

Kuna upande mwingine wa mbuzi yule, ambao nisingependa kuuruka. Rafiki mmoja wa shemeji alipousikia mpango, alisema kwenda bila taarifa kuna faida mbili: “Unampa keki, na unajua kama anakutunzia.” Watu wakacheka. Mimi nasema hapo sapraizi imekufa, limezaliwa fumanizi. Huwezi kubisha hodi kwenye mlango wa gesti na moyo wenye nia mbili, keki mkono huu na upelelezi mkono ule. Kama una shaka na mke wako, au na mume wako, kaa naye mkaongee, na ikibidi nendeni kwa paroko. Usiitumie siku ya kuzaliwa ya mtu kumfanyia ukaguzi. Shemeji, kwa heshima yake, alimwambia yule rafiki kwamba akiongeza neno hatapanda gari. Hakupanda.

Nirudi saa sita na robo. Nilimpigia shemeji nikamweleza habari ya machungwa. Alikuwa hajawahi kuisikia. Miaka minne ya ndoa, dada hakuwahi kumsimulia. Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema, “Mwambie nini sasa?” Nikamwambia mwambie wewe, tena kweli tupu. Akamtumia: mtoto mzima, amekula, amelala, mimi mzima, Frateri mzima, simu hatukupokea makusudi kwa sababu leo tuna mambo yetu, nisamehe, usituulize zaidi. Dada akajibu neno moja: “Haya.” Siri ikabaki siri. Alijua kuna kitu, hakujua ni nini, na kumbe kungoja huko kwenyewe kulikuwa nusu ya zawadi.

Tukabadilisha na mengine. Shemeji alimpigia mwenye gesti, mama mmoja Mwislamu, akajitambulisha kwa jina, akamwomba ruhusa. Mimi nisingelifikiria hilo. Mwanamke anayelala gesti peke yake kikazi analindwa kijijini na jina lake. Akija mwanaume jioni anauliza chumba chake bila kujulikana, asubuhi kijiji kizima kina maneno, na sisi tutakuwa tumeshaondoka. Yule mama alifurahi kuliko sisi. Akasema keki ya mjini haishibishi mtu, akapika wali wa nazi na samaki na hakutaka kulipwa. Karani wa ghala ndiye aliyetuambia dada atamaliza kazi saa ngapi, ili tusimharibie upimaji mbele ya wakulima waliotoka mbali na magunia yao. Tulitoka Mtwara mapema tukafika kukiwa bado na mwanga. Ndoo ya maji tuliiacha mjini. Nilijua vijana wangu mtalalamika, lakini dada alikuwa na nguo za kazi mbili tu, na pale maji yanachotwa mbali na kubebwa kichwani. Huwezi kummwagia mtu jasho la mwanamke mwingine ukaita ni furaha.

Asubuhi yake, kabla ya keki na kabla ya uamuzi wangu wa kijinga wa kutopokea simu, kulikuwa na jambo moja tulilolifanya vizuri tangu mwanzo: shemeji alikuwa ameandikisha nia ya Misa parokiani kwa ajili ya mke wake. Wengi mnadhani nia za Misa ni za marehemu tu. Si kweli, hata walio hai wanaombewa, hata mwenye besdei, tena ni zawadi unayoweza kumpa mtu aliye mbali bila kumtia hofu na bila nauli. Nasema hivi kwa sababu kila mwaka mtu ananiuliza kama Mkristo anaruhusiwa kusherehekea siku ya kuzaliwa, maana Biblia inataja sherehe ya Farao na ya Herode, na ile ya Herode ilimgharimu Yohane Mbatizaji kichwa. Ni kweli. Lakini ni Yohane huyo huyo ambaye Kanisa linasherehekea kuzaliwa kwake tarehe 24 Juni, kama linavyosherehekea kuzaliwa kwa Mama Maria tarehe 8 Septemba na, bila shaka, Noeli. Kosa la Herode halikuwa tarehe. Aligeuza siku yake iwe ya kujionyesha mbele ya wageni, na mtu asiyekuwepo mezani akalipa.

Dada alitoka ghalani na vumbi la korosho mpaka kwenye kope. Akamwona mtoto kwanza. Alimshika, akampapasa paji la uso kwa kiganja, akamgeuza, akampapasa tena, kisha ndipo akatutazama sisi. Hakuna aliyemwambia habari ya homa, jamani. Ni mazoea ya mama tu. Lakini mimi niliyekuwa nimeitunga ile homa, nilitazama kiganja kile nikashindwa kuimba.

Baada ya kula nilimwomba msamaha kwa simu mbili nisizopokea, na nikamweleza pia ile ya tatu ambayo ningepiga mimi. Hakukasirika kama nilivyotegemea. Alikaa kimya, akamenya dagaa mmoja wa mtoto, akasema, “Ungenipigia ile, mdogo wangu, ningekuja. Ila sijui kama ningekuwa napokea simu zako tena.” Kisha akamgeukia mume wake na kwa mara ya kwanza akamsimulia, yeye mwenyewe, habari ya machungwa. Mimi nikamchukua mtoto tukaenda kuangalia malori.

Besdei ya shemeji bado. Dada ameshanipa kazi yangu, na nimekubali kunyamaza. Mwezi sitautaja, na wanakwaya mnaosoma hapa, naomba na ninyi msiutaje.