Misemo ya Wachina na Maana Yake

Wako watu wetu, hapa Shinyanga na katika machimbo ya Geita, wafanyao kazi pamoja na Wachina; nao yawapasa kujua kwamba maneno yaweza kueleweka na maana ikapotea. Mchina akisema «jiayou», yaani «ongeza mafuta», mtu asikimbilie dumu: aambiwa ajipe moyo. «Chi ku», kula uchungu, ni kuvumilia taabu. Nasi hula hasara pasipo kutafuna kitu. Lakini «mama huhu», farasi na simbamarara (wala si mama wa mtu), ni kufanya kazi ovyo ovyo. Aambiwaye hivyo juu ya miti ishikayo kuta za shimo, heri airudie upesi.

Misemo mingi ya kale ni ya herufi 4 tu. Mmoja wasema «dui niu tan qin», kumpigia ng'ombe kinanda. Ndiko kwetu kumpigia mbuzi gitaa. Husimuliwa kwamba Gongming Yi alimpigia ng'ombe wimbo mzuri, naye akaendelea kula majani. Ndipo akaigiza mvumo wa mbu na mlio wa ndama, na ng'ombe akatikisa mkia, akasimamisha masikio, akasikiliza.