SOMO: UREFU WA WAYA WA SAUTI ZA DIJITALI

Chama kinaponunua vyombo vya kurekodia mkutano mkuu, yafaa katibu apime kwanza umbali kutoka meza ya mwenyekiti hadi kwenye mashine. Waya wa kipaza sauti cha USB 2.0 usizidi meta 5. Waya wa AES3 wenye pini tatu hufika meta 100. Sauti ya dijitali haififii polepole: waya ukizidi kipimo, hukatika ghafla, na kauli ya mwanachama ikakosekana katika kumbukumbu. Lakini waya mrefu kupita mahitaji hauongezi ubora wowote. Ni fedha ya wanachama iliyozungushwa sakafuni bure. Basi katibu apime, aongeze meta moja ya kuzungukia kona, ndipo anunue; kisha aujaribu kabla ya siku ya mkutano.