Ukiajiriwa kuwa shangazi kwenye kijiji cha watoto

Mabinti wanaomaliza vyuo vya ustawi wa jamii huniuliza swali lile lile: kazi ya ushangazi kwenye kijiji cha watoto ikoje, na mwaka wa kwanza mtu anaumalizaje? Niliifanya pembezoni mwa Iringa mjini, kwenye kijiji kinachoendeshwa kwa pesa za wafadhili wa nje. Nitasema ninayoyajua, habari za mshahara muulize mwajiri wako.

Kijiji cha aina hii si bweni. Mfano wake ulianzia Imst, Austria, mwaka 1949, Hermann Gmeiner alipoanzisha kijiji cha kwanza cha SOS kwa ajili ya watoto walioachwa na vita bila wazazi. Aliwagawa watoto kwenye nyumba, kila nyumba na mama mlezi wake, wakubwa na wadogo pamoja, na ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe. Leo vijiji vya SOS vipo hadi Zanzibar na Arusha, na mashirika mengi madogo yamefuata mpango huo huo. Mama mlezi ni mwajiriwa, analala pale pale na watoto, na hupewa pesa ya matumizi ya nyumba kila mwezi. Shangazi ni msaidizi wake. Mama akienda mapumziko, nyumba nzima ni yako.

Utakachokigundua mapema ni kwamba kijiji kinaishi kwa kalenda mbili. Ipo ya nyumba: shule Januari, matope ya masika, baridi ya Juni na Julai, mtihani wa darasa la saba Septemba, likizo ya Desemba. Na ipo ya ofisi: picha, barua, ripoti za maendeleo, ziara za wageni. Ya ofisi ndiyo inayoleta pesa, kwa hiyo ina sauti kubwa. Kazi yako, kama nilivyoielewa mimi, ni kuhakikisha haiimezi ile ya nyumba.

Anza na mama. Wiki za mwanzo usijifanye mjuzi kwa sababu una diploma na yeye hana. Mama akisema hapana, na wewe sema hapana, hata kama moyoni unaona amekosea. Mtamalizana jikoni watoto wakishalala. Watoto wa huko wamepita kwenye mikono mingi, na wanajua kuusoma ufa kati ya watu wazima wawili kuliko unavyodhani. Ukimpa pipi aliyenyimwa na mama, umejenga urafiki wa siku moja na umebomoa kazi ya mwenzako ya miezi.

Mtoto mgeni ana mambo yake. Huletwa na afisa ustawi wa jamii, pengine na mfuko mmoja tu, na usiku wa kwanza anakula mpaka unaogopa. Kesho yake ukitandika kitanda utakuta kipande cha andazi ndani ya foronya, au ugali uliokauka umefungwa kwenye soksi. Usimgombeze, na usimwambie mbele ya wenzake kwamba chakula kipo tele, hakuamini bado. Sisi tulimpa kila mgeni kopo lenye mfuniko, lenye jina lake, tukaweka ndani karanga au viazi vya kuchemsha kila jioni. Baada ya muda unakuta kopo halijaguswa. Usiliondoe, subiri alirudishe mwenyewe jikoni.

Kukojoa kitandani nako kutakusumbua, hasa Iringa ikishika baridi. Funika godoro kwa nailoni nene chini ya shuka, weka shuka ya akiba pale pale miguuni mwa kitanda, na umwamshe kwenda msalani kabla na wewe hujalala. Asubuhi toa shuka wenzake wakiwa wanapiga mswaki. Godoro lisianikwe mbele ya nyumba. Hakuna mtoto aliyepona kwa kuzomewa.

Sasa soko, ambalo kwangu lilikuwa muhimu kuliko semina zote nilizohudhuria. Kijiji chenye wafadhili hununua mchele, unga na maharage kwa magunia, vinaingia stoo, vinatoka kwa kusainiwa. Ofisi inapenda hivyo kwa sababu hesabu zinanyooka. Lakini mtoto anafika miaka kumi na mitano hajui sado ya viazi ni bei gani, na anaamini sabuni inatoka ofisini. Akitimiza kumi na minane anapangishiwa chumba mtaani, na pesa ya mwezi inaisha kwa wiki moja. Kwa hiyo omba sehemu ya pesa ya mboga ibaki taslimu, na kila Jumamosi nenda sokoni na watoto wawili. Mmoja ashike pesa, mwingine ashike daftari. Waache waombe kupunguziwa fungu la nyanya, waache warudi na dagaa wenye mchanga. Usiingilie. Jumamosi ijayo watakuwa wameshajua kuwachambua kwa kidole kabla hawajalipa.

Barua ndizo zitakazokuchosha. Mtoto mmoja anaweza kuwa na wafadhili kadhaa Ulaya, kila mmoja anachangia kila mwezi, na kwa kawaida pesa hizo zinaingia kapu moja la kijiji, hazimfuati yule mtoto wa kwenye picha. Kila mmoja lakini anatarajia habari. Salamu za Krismasi hutakiwa ofisini mapema sana ili ziwahi, kwa hiyo utakuta mtoto anaandika “heri ya Krismasi” mwezi Septemba, wiki ile ile kaka yake wa darasa la saba anahangaika na hesabu za mtihani wa taifa. Watahiniwa waombee waandike Agosti, au waruke. Ofisi itanung'unika kidogo, halafu itakubali.

Usimwamulie mtoto maneno. Barua zote zikisema “nakushukuru kwa msaada wako” zinafanana kama matofali, na mtoto anajifunza kwamba kazi yake duniani ni kushukuru. Wa nyumba yetu mmoja, wa darasa la tatu, alipoulizwa na mfadhili anapenda mnyama gani, alijibu kwamba hapendi mbwa wa mlinzi, kisha akauliza, “Wewe una ng'ombe wangapi?” Ofisi ilitaka swali liondolewe. Mama alikataa. Jibu lilikuja: hana hata mmoja. Nyumba nzima ilimwonea huruma.

Wageni wakija, usizionee aibu taratibu za ulinzi wa mtoto: mgeni asibaki peke yake na mtoto, asipige picha bila ruhusa, asipewe namba ya simu wala asiachie yake. Zawadi iwe ya nyumba, mpira au vitabu. Kama kaleta baiskeli kwa mtoto mmoja, mpeleke ofisini mwende mkazungumze kabla haijashushwa garini. Na siku hiyo umwangalie zaidi yule ambaye hajawahi kupata mgeni.

Desemba watoto wengi huenda kwa bibi, mjomba au shangazi wa damu. Wapo wasomi wa mambo haya wanaosema makao ya watoto yapungue na watoto wakae na ndugu kama hao, na upepo unavuma upande huo: miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2009 kuhusu malezi mbadala inaitanguliza familia, na Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, kisha 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Mimi nakubaliana nao zaidi ya nusu. Ndiyo maana nasema usiichukulie safari ya Desemba kama likizo ya mama na yako. Mpe mtoto namba ya simu ya bibi aikariri. Ampigie hata mwezi usio na sikukuu. Fuatilia cheti cha kuzaliwa mapema kwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, maana bila hicho kila kitu baadaye kinakwama. Akirudi Januari akiwa mkorofi, anagoma kuoga, anamjibu mama vibaya, mpe wiki mbili. Ametoka nyumba moja kuingia nyingine, na bado kuna viatu vya shule vya kununua.

Ukiamua mwaka mmoja unatosha, usiondoke kama mtu aliyekwenda dukani. Waambie watoto mwezi mzima kabla, tarehe kamili, nani anakuja baada yako, na kama utapiga simu au la. Usiahidi simu usiyoweza kupiga. Daftari la nyumba umkabidhi mwenzako mkononi: nani ana pumu na pampu yake inakaa wapi, nani hali maharage, nani asizimiwe taa, na deni la muuza mboga.