Mbwa Mdogo Ajiburutapo Chini: Maradhi ya Vifuko vya Harufu

Mara nyingi mbwa mdogo wa nyumbani huonekana ameketi, ameinua miguu ya nyuma, naye anajivuta kwa miguu ya mbele huku akisugua makalio yake sakafuni au majanini. Watoto hucheka, na wakubwa husema, “Ana minyoo.” Lakini jambo hilo si mchezo, wala si minyoo kila mara. Huenda mbwa huyo anaumwa na vifuko vyake vya harufu, na asipotazamwa mapema huenda akafanya jipu lenye maumivu makali. Kwa hiyo yafaa kila mwenye mbwa, wa mjini na wa shambani, afahamu maradhi haya ni nini, yatokanapo, na jinsi ya kuyazuia.

VIFUKO HIVI NI NINI?

Kila mbwa, dume na jike, ana vifuko viwili vidogo vilivyofichika chini ya ngozi, kimoja kila upande wa njia ya haja kubwa. Mkia ukiinuliwa, na njia hiyo ikafananishwa na uso wa saa ya ukutani, vifuko hivyo viko penye tarakimu 4 na tarakimu 8. Katika mbwa mdogo kila kifuko hakizidi sana ukubwa wa punje ya mbaazi. Ndani yake mna tezi zitoazo maji ya rangi ya manjano au kahawia, yenye harufu mbaya kama ya samaki aliyeoza.

Maji hayo yana kazi yake. Kwa harufu hiyo mbwa hutambuana, na ndiyo sababu wakikutana hunusana nyuma kwanza. Wanyama wengine pia wana tezi za namna hiyo: fisi hupaka harufu yake kwenye mashina ya nyasi ili kuonyesha mipaka yake, na kicheche humrushia adui maji yanukayo ili kujiokoa.

Mbwa mwenye afya hana taabu yo yote. Kila aendapo haja, choo kigumu kiasi hukandamiza vifuko, na maji hutoka kidogo kidogo kwa vijitundu viwili vyembamba. Taabu huanza maji yasipotoka. Hapo huwa mazito kama uji, kisha kama ugali. Vijitundu huziba, vifuko huvimba, na vijidudu vya maradhi huzaliana ndani.

KWA NINI HASA MBWA WADOGO?

Mbwa wote waweza kupata maradhi haya, lakini baadhi ya mbwa wa aina ndogo hushikwa zaidi. Uchunguzi wa wataalamu wa Royal Veterinary College ya London, uliotangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba mbwa wapatao 4 katika kila 100 walioletwa kwa madaktari wa wanyama huko Uingereza walipatwa na taabu ya vifuko hivi katika muda wa mwaka mmoja. Miongoni mwa waliozidi kupatwa ni Shih Tzu, Bichon Frise, Cavalier King Charles Spaniel na Cocker Spaniel.

Ziko sababu kadhaa. Ya kwanza ni choo laini: mbwa aharaye mara kwa mara hana cha kukandamiza vifuko vyake. Ya pili ni unene, maana mafuta mengi mwilini huzuia vifuko visikandamizwe vizuri. Ya tatu ni ngozi yenye kuwasha kwa sababu ya viroboto, au kwa chakula kisichomfaa mbwa. Ngozi ikivimba, vijitundu navyo huziba. Mbwa wa mjini anayefungiwa nyumbani mchana kutwa, naye hulishwa vipande vya chapati, mandazi na mafuta ya nyama, huweza kuwa na sababu mbili au tatu pamoja.

DALILI

Mwenye mbwa na aangalie mambo haya:

1. Mbwa ajiburuta kwa makalio, au ajilamba na kujiuma chini ya mkia pasipo kukoma.
2. Harufu kali ya samaki yasikika mwilini mwake au mahali alipolala.
3. Aketi kwa shida, au ageuka ghafula kutazama nyuma yake.
4. Alia au ajikaza sana aendapo haja.
5. Pana uvimbe mwekundu wenye moto kando ya njia ya haja, au damu na usaha vyatoka.

Dalili ya tano ni ya hatari. Hilo ni jipu, na mbwa apelekwe kwa daktari wa wanyama siku ile ile.

Yafaa pia kutofautisha maradhi haya na minyoo. Tegu wa mbwa huacha vipande vyeupe kama punje za mchele katika choo au kwenye manyoya ya chini ya mkia. Tegu huyo huenezwa na viroboto. Basi dawa ya minyoo peke yake haitoshi ikiwa viroboto hawakuangamizwa. Vipande hivyo visipoonekana, na dawa ya minyoo isipoleta nafuu, vifuko vitazamwe.

YAPASAYO KUFANYWA

Daktari wa wanyama huvikamua vifuko kwa muda mfupi tu. Vikiwa na usaha, huvisafisha na kutoa dawa ya kuua vijidudu. Jipu likiwa limeiva, hulipasua na kuliosha. Mbwa ambaye ugonjwa humrudia mara nyingi huweza kufanyiwa operesheni ya kuondoa vifuko kabisa. Lakini operesheni hiyo haifanywi ovyo, kwa maana mishipa ya fahamu iliyo karibu ikiumia, mbwa huweza kushindwa kuzuia choo.

Mwenye mbwa aweza kujifunza kukamua, lakini mara ya kwanza afundishwe na daktari. Watu wawili hufaa: mmoja humshika mbwa kwa upole, wa pili huvaa glavu, huinua mkia, huweka pamba mbele ya njia ya haja, kisha hubonyeza polepole kwa kidole gumba na cha shahada, kutoka chini ya vifuko kuelekea juu na nje. Kitu kisipotoka, aache. Kamwe asikamue penye uvimbe mwekundu au mbwa aliapo kwa maumivu, kwani kifuko chaweza kupasukia ndani ya nyama. Wala asimkamue mbwa asiye na taabu. Kubonyezwa bure huchokoza vifuko na kuanzisha maradhi yasiyokuwapo.

Wakati wa kungoja daktari, kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya uvuguvugu huweza kuwekwa juu ya uvimbe kwa dakika 5 hadi 10. Asipake mafuta ya taa wala oili ya gari. Asimpe mbwa dawa za watu za kutuliza maumivu. Baadhi yake, kama ibuprofeni, ni sumu kwa mbwa.

Mbwa mzee mwenye uvimbe mgumu mahali hapo, naye anywa maji mengi kuliko desturi, apelekwe kwa daktari bila kukawia, kwa kuwa hizo huweza kuwa dalili za saratani.

ULINZI WA WATOTO

Mbwa mwenye maumivu chini ya mkia huweza kumwuma hata mtoto ampendaye, akiguswa ghafula. Kwa hiyo watoto wakatazwe kumshika mpaka apone. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa hofu ya kichaa cha mbwa. Serikali ya Kenya ilianza mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na ugonjwa huo, na chanjo ya mbwa ndiyo msingi wake. Basi mbwa na achanjwe kila mwaka, hata akiwa mdogo wa kubebwa mkononi.

KINGA

Kinga kubwa ni chakula na mwendo. Mbwa apewe chakula cha namna moja, na kikibadilishwa kibadilishwe kidogo kidogo kwa muda wa siku 7 hadi 10. Boga lililochemshwa bila chumvi wala sukari, kijiko kimoja au viwili vya chai kwa mbwa mdogo, husaidia choo kishikamane. Apunguziwe mafuta, atembezwe kila siku asinenepe, na viroboto waangamizwe mwilini mwake na mahali alalapo.

Mambo haya hayana gharama kubwa. Operesheni ina gharama, na maumivu ya mnyama asiyeweza kusema hayana kipimo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.